Ding Liren na ngome iliyofungwa g6

Kila ninapofika kwenye somo la kujilinda katika sataranji, huwapangia wanafunzi wangu ubaoni hali iliyotokea Astana, Kazakhstan, tarehe 30 Aprili 2023. Ni hatua ya 46 ya mchezo wa nne wa haraka, ile michezo ya muda mfupi inayoamua bingwa wa dunia pale michezo ya muda mrefu inapoisha kwa sare. Malkia wa Ian Nepomniachtchi wa Urusi, akiwa e4 (kila mraba wa ubao huitwa kwa herufi na namba), amemtishia mfalme mweusi, na Ding Liren wa China anaweza kuacha vitisho vijirudie hadi mchezo uishe sare, kama ilivyoisha mitatu iliyotangulia. Badala yake anaiweka ngome yake g6, kati ya malkia wa adui na mfalme wake mwenyewe, mahali ambapo haiwezi tena kuondoka bila kumwacha mfalme wazi. Wanaoanza huwa tunawakataza wasiifunge kete yao wenyewe namna hiyo. Ding, muda ukiwa umekaribia kumwishia, aliona kwamba kifungo kile kingestahimilika kwa muda wa kutosha ili vitunda vyake vya upande wa malkia vianze safari. Nepomniachtchi alikubali kushindwa kwenye hatua ya 68, na China ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia kwa upande wa wanaume.

Ujasiri huo haukuwa wa kubahatisha. Ding alizaliwa Wenzhou mwaka 1992, akawa bingwa wa taifa mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 16, na baadaye akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Peking huku akiendelea kupanda. Kati ya Agosti 2017 na Novemba 2018 alicheza michezo 100 mfululizo ya muda mrefu bila kushindwa, akishinda 29 na kutoa sare 71, na hapo katikati alivunjika nyonga kwa ajali ya baiskeli nchini Norway. Kwangu mimi, hizo sare 71 zina mafunzo kuliko ule ushindi, kwa sababu nyingi zilipatikana kwa subira ya mtu anayejua hasa ni kiasi gani cha shinikizo ngome yake inaweza kubeba.

Hata nafasi ya kuwania taji aliipata kwa kukimbizana na kalenda. Mchezaji wa Urusi Sergey Karjakin alipofungiwa Machi 2022 kwa kuunga mkono hadharani vita vya Ukraine, nafasi yake katika mashindano ya mchujo ya kumpata mpinzani wa bingwa ilimwangukia mwenye alama za juu zaidi, lakini masharti ya korona yalikuwa yamemzuia Ding kusafiri, hivyo hakuwa amefikisha idadi ya michezo inayotakiwa. Shirikisho la China lilimwandalia mashindano, naye akacheza michezo 28 ndani ya takriban mwezi mmoja. Alimaliza wa pili mjini Madrid, na bingwa Magnus Carlsen alipokataa kulitetea taji, nafasi ya pili ikatosha.

Baada ya Astana alizungumza hadharani kuhusu sonona, akacheza kwa nadra, na alipoketi Singapore mwezi Novemba 2024 kumkabili Gukesh Dommaraju wa India, hakuwa ameshinda mchezo wowote wa muda mrefu tangu Januari. Wengi walitabiri kipigo kizito. Ding alishinda mchezo wa kwanza kwa kete nyeusi, na baada ya Gukesh kumpita akasawazisha tena katika mchezo wa 12, na wakaingia wa 14, ule wa mwisho, wakiwa sawa.

Siku hiyo alikuwa na kete nyeupe, na bado alichagua kupunguza kete ubaoni, hata kwa kutoa kitunda, ili afike kwenye michezo ya haraka. Walibaki na ngome na askofu kila upande, vitunda viwili kwa vitatu, hali ambayo kwa kawaida huisha sare. Kwenye hatua ya 55 alipeleka ngome f2 ili zibadilishwe, akasahau kwamba askofu wake alikuwa amejibana kwenye kona ya a8. Gukesh alibadilisha ngome, akasogeza askofu wake d5, na maaskofu nao wakalazimika kubadilishana. Kilichobaki ni wafalme na vitunda, na kitunda kimoja cha ziada kilitosha.

Wanafunzi wangu huziona hali hizo mbili kwenye mbao mbili zilizopangwa sambamba, ya g6 kushoto na ya f2 kulia, na huwapa dakika kumi kwa kila ubao kabla sijawaambia kwamba mchezaji ni yule yule.