Miguu kwenye beseni: dhana potofu kuhusu ubongo uliolala

Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, ukipita mitaa ya Ujiji usiku wa manane utaona taa zinawaka kwenye vyumba vya wanafunzi. Wapo wanaopiga msuli huku miguu wameitumbukiza kwenye beseni la maji baridi wasisinzie. Nafundisha baiolojia hapa Kigoma, na mabeseni hayo yananiuma, kwani nyuma yake kuna mambo ambayo watoto wetu wameaminishwa kuhusu ubongo.

Dhana potofu: Ishara za ubongo hupita kama umeme kwenye waya, ukiwasha swichi, taa itawaka vilevile wakati wowote.

Hili ndilo kosa mama. Kila upande wa ubongo, ndani, kuna sehemu iliyojikunja iitwayo hipokampasi. Kumbukumbu mpya za matukio huanzia hapo. Henry Molaison wa Marekani aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zake mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa. Aliishi hadi 2008, na mtu aliyeongea naye akitoka na kurudi baada ya dakika chache, alikuwa mgeni tena.

Mwaka 1977, Jonathan Winson na Charles Abzug walichapisha matokeo ya jaribio la panya waliopachikwa elektrodi, yaani nyaya nyembamba za kusisimua na kupima seli za ubongo. Walisisimua njia inayoingiza ishara kwenye hipokampasi, kisha wakapima seli za mlangoni zinaitikaje. Msisimko ulikuwa uleule, lakini mwitikio ulibadilika kulingana na hali ya panya. Akiwa kwenye usingizi mzito, seli nyingi zaidi zilifyatua (zilitoa ishara zao) kwa pamoja kuliko alipokuwa macho, ametulia na makini.

Fikiria mwalo wa Kibirizi. Mtumbwi wenye dagaa ukitia nanga alfajiri, wachuuzi wanaugombea. Mzigo huohuo ukifika jua la utosi, unaweza kukosa hata wa kuushusha. Mtumbwi haujabadilika. Pwani ndiyo iliyobadilika.

Ubongo nao una pwani yake, na miongoni mwa vinavyoibadilisha ni kemikali iitwayo asetilikolini. Tukiwa macho huwa nyingi, na hipokampasi husikiliza zaidi habari za nje. Kwenye usingizi mzito hushuka sana, na mazungumzo ya ndani, kutoka hipokampasi kwenda gome la ubongo, yaani tabaka lake la nje, hupata nafasi.

Dhana potofu: Ukilala, ubongo umezimika, na saa hizo zimepotea.

Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi zilizofyatua pamoja panya alipokuwa akizunguka zilielekea kufyatua pamoja tena alipolala baadaye. Njia aliyopita ilikuwa inapitiwa upya kichwani. Sasa yule kijana wa beseni, aliyesoma mada nne bila kufumba jicho, ameunyima ubongo wake wakati wa kuzipitia. Namwonea huruma, maana bidii anayo.

Dhana potofu: Anayekaa kimya baada ya kusoma ni mvivu.

Panya akitembea, hipokampasi yake hupiga mdundo wa theta, mara 6 hadi 10 hivi kwa sekunde. Akisimama na kutulia, mdundo huo hupungua na hutokea mishtuko mifupi yenye mawimbi ya kasi, na ndani yake njia aliyotoka kupita hurudiwa, wakati mwingine kinyumenyume. Mwacheni mtoto akae barazani kidogo bila simu.

Dhana potofu: Basi nirekodi notisi, nizisikilize usingizini.

Hapana. Kinachorudiwa ni kile ulichokipata ukiwa macho. Sura ambayo hujawahi kuifungua haitaingia kupitia mto.

Dhana potofu: Usingizi wa mchana si usingizi.

Hili aliniuliza mzee mmoja mvuvi, baba wa mwanafunzi wangu, ambaye usiku wa giza yuko ziwani na taa zake na hurudi jua likichomoza. Nilimwambia usingizi mzito huja hata mchana. Adui zake ni mwanga, joto na kelele, vinavyoukatisha kabla haujatosha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, basi leo naning'iniza kanga nzito dirishani." Kisha akauliza kama ile beseni ya mwanawe anaweza kuirudisha jikoni. Nikamwambia airudishe leo hiihii.