Kanda ya video ya Lebanon na haki ya familia kujua

Katika kazi yangu ya uwakili hapa Lamu nakutana na kina mama wasiojua waume zao wako wapi. Kuna waliopotelea baharini, kuna waliochukuliwa na watu wasionekane tena. Mbele ya Kadhi swali huwa lilelile: ushahidi uko wapi? Bila ushahidi mke hajui kama akae eda, na mirathi haigawanywi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo inataka miaka 7 ipite bila mtu kusikika ndipo adhaniwe amekufa. Kwa hiyo kila nikiulizwa kuhusu taasisi za kimataifa kuficha ushahidi, hurejea kisa cha Lebanon.

Tarehe 7 Oktoba 2000 Hezbollah, kundi la wapiganaji la Lebanon, iliwateka wanajeshi watatu wa Israeli kwenye eneo la mashamba ya Shebaa, mpakani. Yapata saa 18 baadaye, walinda amani wa UNIFIL, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichowekwa kusini mwa Lebanon mwaka 1978, walipiga video ya magari yaliyoaminika kutumiwa na watekaji. Mlikuwa na vitu humo, vingine vimeingia damu. Israeli ilipouliza, ikaambiwa hakuna kanda. Julai 2001 Umoja wa Mataifa ukakiri kuwa ipo, ukakubali itazamwe nyuso za wasio walinda amani zikiwa zimezibwa. Mwezi huohuo Baraza la Wawakilishi la Marekani likapitisha azimio la kuuhimiza uitoe kanda nzima bila kukatwa.

Wabunge walihimiza tu, hawakuamuru, kwa kuwa Mkataba wa 1946 wa kinga za Umoja wa Mataifa unasema nyaraka zake haziguswi popote zilipo. Hakuna bunge wala mahakama ya nchi iwezayo kuzichukua kwa nguvu. Kinga hiyo ina sababu nzito. Askari wa doria anayesimama kati ya mahasimu wawili huponea kwenye imani kwamba yeye si jasusi wa yeyote. Akikabidhi nyuso za upande mmoja, mwenzake wa zamu ya kesho ndiye atakayepigwa risasi.

Kwa hiyo kuziba nyuso nakubali. Kukana kwamba kanda ipo, kamwe! Na damu je? Damu kwenye vitu vya garini haimsaliti mpiganaji yeyote, lakini inaweza kumsaidia daktari kukadiria kama majeruhi alikuwa na nafasi ya kuishi. Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita, inataja waziwazi haki ya familia kujua hatima ya jamaa zao. Mmoja wa wale watatu alikuwa Mbedui Mwislamu; familia yake nayo ilihitaji ushahidi, kama kina mama wa Lamu. Miili yao ilirudishwa Januari 2004, kwa mabadilishano yaliyosimamiwa na Ujerumani.

Kenya nayo ilishambuliwa El Adde, Somalia, Januari 2016, wanajeshi wetu wakiwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini humo, na baadhi yao wakachukuliwa mateka. Mbunge anayetaka kuzisaidia familia za namna hiyo asiombe “ushahidi wote”, maana ombi hilo hujibiwa kwa neno moja: siri. Aombe kila kitu peke yake: tarehe na mahali mtu alipoonekana mwisho, vitu vyake vilivyookotwa, majibu ya vipimo vya damu. Nyuso na majina ya watoa habari ayaache nje ya barua.