Je, wajua kwa nini jengo lililonusurika tetemeko hubomolewa baadaye?

Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko la ardhi lilipiga Christchurch, New Zealand, likaua watu 185. Wengi wao walikufa katika majengo machache yaliyoporomoka. Mengine mengi ya katikati ya jiji yalibaki yamesimama, watu wakatoka hai, lakini baadaye yakabomolewa. Je, wahandisi wake walikosea?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Katika nchi nyingi kanuni za ujenzi hulenga jambo moja kuu: tetemeko kubwa likija, jengo lisiwaangukie waliomo. Haziahidi kwamba kesho yake mtarudi kazini. Jengo la kawaida hata hutarajiwa kuumia. Nondo hupangwa ndani ya zege ili sehemu maalumu, hasa miisho ya boriti, zijipinde na kumeza nguvu ya mtikisiko huku nguzo zikibaki wima. Waya ukiupinda haukatiki papo hapo, ila haunyooki tena kama ulivyokuwa. Ndivyo inavyokuwa kwa nondo hizo.

Anayetaka zaidi ya hapo lazima aseme mapema. Mhandisi atamuuliza mambo mawili: tujiandae kwa tetemeko la nguvu gani, na likishapita jengo liwe katika hali gani? Tetemeko la usanifu, yaani lile ambalo jengo huchorwa ili lilihimili, mara nyingi ni lile lenye uwezekano wa 10% wa kufikiwa au kupitwa ndani ya miaka 50; lililo adimu na kali zaidi ni la 2%. Hali nazo zina ngazi: jengo liendelee na shughuli, likalike mara moja, liokoe maisha, au angalau lisiporomoke. Kwa ghala, ngazi za chini zaweza kutosha. Kwa hospitali hazitoshi kabisa, maana majeruhi watapelekwa wapi?

Hospitali ya Olive View, eneo la Los Angeles, ilikuwa mpya kabisa tetemeko la 1971 lilipoiharibu hadi ikabomolewa. Ikajengwa upya, imara mno. Mwaka 1994, katika tetemeko la Northridge, nguzo na kuta zake zilihimili vizuri, lakini mabomba ya maji yalipasuka na wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. Kwangu hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote: dari, mabomba, lifti na jenereta visiposhikizwa sawasawa, uimara wa nguzo hauwasaidii wagonjwa.

Tetemeko hilohilo liliikuta hospitali ya Chuo Kikuu cha Southern California ikiwa imekalishwa juu ya vitegemeo vya mpira, baadhi vikiwa na kiini cha madini ya risasi. Vitegemeo hivyo huiacha ardhi iende mbio huku na huku wakati jengo lililo juu likisogea polepole, hivyo mtikisiko mdogo tu ndio hufika vyumbani. Hospitali hiyo iliendelea kufanya kazi. Vitegemeo vya namna hiyo huongeza gharama mwanzoni, na kwa jengo la kawaida uamuzi wa kuilipa hubaki kwa mwenyewe, kabla ramani haijachorwa.