Mgeni wa kanisa, mwenyeji ni nani?

Kiongozi wa kanisa akisema anakuja kuwatembelea wamisionari wake, watu huuliza kwanza atalala wapi. Mimi huuliza atapokelewa na nani. Mume wangu na mimi tumetumwa na kanisa letu kuhudumu Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kwenye timu yetu ziara za maaskofu, makatibu wakuu na wajumbe wa makanisa rafiki nazipanga mimi. Msimamo wangu ni kwamba mwenyeji ni kanisa la hapa. Sisi wamisionari tunashika ratiba na funguo za gari.

Kwa hiyo mgeni wangu haingii mtaani kwetu kabla hajafika ofisini kwa askofu wa hapa, akasaini kitabu cha wageni na kunywa chai. Ziara inayoanzia sebuleni kwa mmisionari huonekana kama ukaguzi, na wazee wa kanisa huliona hilo hata wasiposema. Tena jiji hili lina uzoefu. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanyia mkutano wake mkuu wa 6 hapa mwaka 1977, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Papa Yohane Paulo II alifika nchini mwaka 1990. Dar haina shida ya kufundishwa na mmisionari namna ya kupokea wakubwa.

Mambo ya safari ni mepesi yakianza mapema. Barua ya mwaliko iandikwe na kanisa la hapa, na ieleze wazi mgeni anakuja kufanya nini ili aombe viza inayofaa. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo. Zawadi asizifunge kwenye mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na wageni hutakiwa kuiacha uwanja wa ndege.

Ratiba ndiyo inayoua ziara. Foleni ya Barabara ya Kilwa haimjui askofu. Ibada ikiwa Mbagala asubuhi, mchana usimwahidi mtu kikao Bunju, upande wa pili wa jiji. Kigamboni kuna pantoni ya Magogoni na kuna daraja lililofunguliwa mwaka 2016, lakini bado weka muda wa ziada. Aprili ni masika na barabara za mitaani hugeuka madimbwi. Januari na Februari ni joto: mgeni kutoka Ulaya akivaa joho zito atalowa jasho kabla ya wimbo wa pili, kwa hiyo feni ielekezwe kwake na maji ya chupa yawe karibu.

Halafu kuna kwaya. Kwaya kuu, ya vijana, ya akina mama, ya uinjilisti, na kila moja ina wimbo uliotungwa mahususi kwa mgeni. Sijawahi kuthubutu kuikata hata moja; ninachofanya ni kumwomba mgeni afupishe mahubiri. Ya dakika 20 yakipitia kwa mkalimani yanakuwa 40. Mkalimani naye akutane na mhubiri jana yake, apewe mistari ya Biblia, na aambiwe mapema kama kuna utani.

Jambo linalonikosesha usingizi ni ahadi. Mgeni ameimbiwa, amevishwa kitenge, ameletewa mbuzi, na kwenye mnada baada ya ibada amenunua jogoo na kumrudisha kwa mchungaji. Moyo umejaa, kipaza sauti kiko mkononi. Hapo hutamka kwamba kanisa lake litaezeka jengo hili. Vigelegele! Wiki ijayo yeye yuko kwao akielezana na bodi yake, na sisi tunasalimiwa kila asubuhi na swali la mabati. Kwa hiyo tukiwa bado kwenye gari kutoka uwanja wa ndege namwambia bila kuzunguka: Baba Askofu, madhabahuni toa salamu na baraka, maombi ya fedha yapokee kwa maandishi, kupitia ofisi ya askofu wa hapa, na ujibu ukiwa umeshauriana na wenzako. Wengi hushukuru. Wachache huniona mkali, na sijali sana.

Wazee wa kanisa nao nawapitia kabla, tukubaliane risala itaje nini. Risala yenye mahitaji kumi haikumbukwi. Yenye moja, iliyoambatana na makisio na kiasi ambacho waumini wenyewe wameshachanga, huzungumzika.

Mwisho, familia ya mmisionari inahitaji saa moja na kiongozi wake bila mwenyekiti wala katibu. Ada ya shule ya watoto, uchovu, ndoa, mgogoro na mwenzako wa kazi: haya hayasemeki mezani mbele ya wazee. Naiandika saa hiyo kwenye ratiba kwa jina la kikao, kwa sababu ikiandikwa mapumziko, lazima atatokea mtu wa kuomba picha.