Hafu shafti haikatwi na injini

Wiki iliyopita dereva mmoja wa utalii alinijia gereji na hafu shafti, kile chuma kirefu kinachotoka kwenye difu (kasha la meno katikati ya ekseli) kwenda kuzungusha gurudumu, imefungwa kwenye kanga kuukuu. Akaifungua juu ya benchi, vipande viwili, kama mtu aliyeleta samaki wa kuuza.

"Fundi, hebu niambie ukweli. Hii ni oriji au nimeuziwa feki?"

Ilikuwa oriji. Nikamuuliza imekatikia wapi.

"Ndutu, kule Ngorongoro, kwenye matope meusi. Nilinasa, nikakanyaga, tairi likazunguka weee, halafu likashika. Nikasikia pa!"

Maneno yake mawili, "halafu likashika", ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Gari lake ni Land Cruiser kama nyingi za hapa Arusha: chesisi imerefushwa, viti vimeongezwa, paa linainuka, springi za nyuma zina majani ya ziada, na chini kuna matairi ya inchi 35 badala ya yale madogo liliyozaliwa nayo. Mwenye gari alishamwambia aagize shafti ngumu zaidi, kwa kuwa "injini ina nguvu kuliko shafti". Mimi nasema injini inasingiziwa.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo mafundi wengi tunapopakimbia. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2, ikiwa katika ubora wake inatoa msokoto wa nyutoni mita 285 hivi. Gia namba moja tuseme inauzidisha mara nne na nusu, transifa, ile giaboksi ya pili ya foo wili, ikiwa kwenye gia ya chini mara mbili na nusu, difu mara nne na kidogo. Ukizidisha zote unapata zaidi ya nyutoni mita 13,000. Kwa namba hiyo kila gari lingekata shafti kila siku. Mbona hazikatiki? Kwa sababu tairi huteleza kabla. Gurudumu lililobeba kilo 1,000 juu ya mwamba mkavu, tairi likiwa la kawaida, linaweza kupokea kama nyutoni mita 3,000 tu, likizidishiwa linasuguana na kuzunguka bure. Tairi ndilo fyuzi ya gari, na waliolichora gari kiwandani walipima shafti wakijua hilo.

Sasa wewe umekuja ukabadilisha fyuzi. Kutoka inchi 31 kwenda 35, mkono unaosokota shafti umeongezeka karibu asilimia 13, na hiyo ni kabla hujaongeza mzigo. Halafu umefunga difuloki, inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja. Gurudumu la kushoto likininginia hewani, uzito wake umehamia kulia, tuseme kilo 1,500, na nguvu yote ya ekseli inapita kwenye shafti moja. Hesabu ileile inafika nyutoni mita 5,000 na ushee. Shafti ni ileile.

Na hapo bado hatujagusa pigo. Gurudumu kubwa linalozunguka kasi hewani limehifadhi nguvu kama gurudumu la cherehani: ukiongeza kasi mara mbili, nguvu iliyomo ni mara nne. Likigusa mwamba au udongo mgumu ulio chini ya matope, linatakiwa kusimama kwa kufumba na kufumbua, na nguvu yote hiyo inatafuta pa kwenda. Inaingia kwenye shafti. Ndiyo ile "pa!" ya Ndutu.

Kwa hiyo dawa ya kwanza iko kwenye mguu wa dereva, haiuzwi dukani. Tairi likianza kuzunguka bure, toa mguu, lisubiri litulie, ndipo ukanyage tena taratibu. Punguza upepo wa matairi kabla hujaingia kwenye matope au mawe. Upepo wa 18 unakufikisha pasipo kukanyaga kwingi kuliko wa 40, ila kumbuka kuujaza tena ukirudi barabarani. Difuloki uifunge ukiwa umesimama au unatambaa. Ukiifunga tairi moja likiwa kwenye mzunguko wa kasi, umeyapiga nyundo meno ya difu kwa mkono wako mwenyewe.

Wanaokwenda Rhino Charge kule Kenya wanalijua hili vizuri. Yale mashindano, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa hifadhi ya Aberdare, hayapimi mwendo. Gari linapewa muda wa masaa kumi kufika vituo 13, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Maana yake watu wanakata moja kwa moja kwenye makorongo na mawe ambayo mbuzi angefikiria mara mbili. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni mita, hakuna anayekulazimisha kuruka. Unaweza kupanda jiwe kwa mwendo wa konokono kwenye gia ya chini, na mtu anatembea mbele akikuonyesha mkono.

Sasa tuje kwenye vyuma, maana najua mnasubiri hapo.

Shafti za kromoli, yaani chuma kigumu zaidi, ni nzuri, sitawadanganya. Lakini kuvunjika hakuishi, kunahama. Ukiimarisha hafu shafti, mnyonge anayefuata ni kraunwili na pinioni, yale meno makuu ya difu, na hapo umebadilisha kazi ya nusu saa kuwa kazi ya siku mbili, yenye kupima uwazi wa meno kwa sehemu ya mia ya milimita. Nimeona watu wakitumia mamilioni kuihamisha shida kutoka pale ilipokuwa rahisi kuipeleka pale palipo pagumu. Kwa magari ya utalii mimi huacha shafti za nyuma za kiwandani kwa makusudi. Ikikatika nafungua nati za flanji, nagonga kidogo koni zitoke, navuta, natia nyingine. Tairi halijatoka hata chini.

Mbele ni habari nyingine. Sivijointi, kiungo kinachoiwezesha shafti kuzunguka huku gurudumu limekata kona, imekaa ndani ya nako, pale gurudumu linapogeukia, imezama kwenye grisi, na kuibadilisha porini ni adhabu. Hapo nakubali ulipie iliyo ngumu. Hata hivyo ujue udhaifu wake uko kwenye pembe: usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, zile gololi zinabeba mzigo zikiwa zimekaa vibaya. Kukanyaga mafuta huku usukani umekata hadi mwisho na loki ya mbele imefungwa ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuipasua. Nyoosha usukani kwanza, hata kama itabidi urudi nyuma mara tatu.

Na mwenye Land Cruiser ya 80, difu ya mbele ile imekatwa meno yake ili ivute vizuri kwenda mbele. Ukirudi rivasi mlimani kwa nguvu, uzito wote umelalia mbele na meno yanasukumana kwa upande wao dhaifu. Ukikwama hivyo, vuta winchi.

Kuinua gari nako kuna bei yake. Springi zikipanda, propela, ile shafti ndefu kutoka transifa hadi difu, inakaa kwa pembe kali zaidi na krosi, viungo vyake vya kupinda, zinachoka mapema. Krosi ya kwenye transifa na ya kwenye difu zinatakiwa zikae kwa pembe zinazolingana, na ukiifungua propela uweke alama ya rangi ili uirudishe kama ilivyokuwa. Fundi anayeifungua bila alama halafu akalaumu mtetemeko huwa namtazama tu. Kwenye magari yaliyorefushwa, ambako propela ina beringi ya katikati, kagua mpira wa hiyo beringi kila gari linapokuja sevisi. Ukichanika, propela inacheza, na inayoumia ni krosi.

Maji ni adui wa kimya. Difu ikiwa ya moto ukaingia mtoni, inapoa ghafla, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta maji kupitia pumzi yake, kile kitundu cha hewa, au sili iliyochoka. Mpira wa pumzi uupandishe hadi chini ya boneti. Ni mita chache za bomba jembamba. Ukifungua plagi ya oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, mwaga siku hiyohiyo.

Jambo moja ambalo halina gharama: siku unapofunga shafti mpya, ipige mstari mmoja mnyoofu wa rangi nyeupe kutoka mwisho hadi mwisho. Baada ya safari ngumu ivute nje uutazame. Mstari ukiwa umejiviringisha kama kamba ya kisima, chuma kimeshalegea hata kama gari linatembea, na meno ya mwisho wa shafti mara nyingi utayakuta yamepinda kufuata. Itoe, usiiweke hata kama akiba. Na tafadhali asikudanganye mtu kuchomelea shafti iliyokatika, wala usiichonge jina la gari kwa patasi. Kila mkwaruzo ni mlango wa ufa.

Shafti ya yule dereva ndivyo ilivyokuwa. Sehemu iliyokatika ilikuwa na kipande cheusi chenye kutu pembeni, kimechora mistari kama mchanga mawimbi yanaporudi nyuma, na katikati chuma kilikuwa kinang'aa. Ule weusi ni ufa wa miezi. Ndutu ilimalizia tu.

Akaniuliza, "Kwa hiyo nikanunue nini?" Nikamwandikia: shafti mbili za nyuma, ndefu na fupi, gasketi, kitochi cha kichwani, na sumaku. Sumaku akacheka. Nikamwambia shafti ikikatika, kile kipande kifupi kinabaki ndani ya difu, na usipokitoa, mpya haiingii. Yangu niliitoa kwenye spika mbovu ya redio, nimeifunga kwenye waya mgumu.  Akachukua simu akapiga picha ile sumaku, akamtumia bosi wake.