Mbegu ya viazi hukaguliwa ikiwa bado shambani

Msimu wa kupanda ukikaribia, wakulima wa Mbeya na Njombe hutuuliza: kwa nini mkaguzi asije tu gulioni akaangalia magunia?

Sababu kubwa ni ugonjwa wa mnyauko bakteria. Kwenye nyanda zenye baridi, mmea unaweza kuwa na vimelea usinyauke hata kidogo. Viazi vinavunwa ngozi safi, macho yamechipua vizuri. Vikipandwa penye joto zaidi, mimea inalala jua la mchana majani yakiwa bado mabichi, na baada ya siku chache haiinuki tena.

Kwa hiyo mzalishaji wa mbegu hujisajili TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kuomba ukaguzi mazao yakiwa shambani. Mkaguzi huuliza kwanza historia ya shamba, kwa kuwa nyanya, bilingani na pilipili nazo hushikwa na ugonjwa huu, na maotea, yaani viazi vinavyojiotea kutokana na masalia ya msimu uliopita, huutunza udongoni. Kisha hupita kati ya matuta. Akikuta mmea ulionyauka, hukata kipande cha shina karibu na ardhi na kukining'iniza ndani ya glasi ya maji safi bila kuitikisa. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, shamba hilo halitoi mbegu. Inauma, hasa kwa aliyekwisha kulipia mbolea na vibarua, lakini hakuna dawa ya kupuliza inayoponya ugonjwa huu. Anayepanda mbegu hiyo hupoteza mavuno, na udongo wake hubaki na vimelea.

Shamba likipita, mbegu iliyovunwa hukaguliwa tena na sampuli hupimwa maabara, ndipo lebo ya kuthibitisha mbegu itolewe.

Anayeagiza mbegu nje ya nchi aanzie TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kibali hutangulia mzigo, kwa sababu ndicho kinachotaja visumbufu, yaani wadudu na magonjwa ya mimea, ambavyo nchi inayouza lazima ivikague kabla ya kutoa cheti cha afya ya mimea. Hata udongo ulioganda kwenye kiazi tunauangalia: mwaka 2015 jirani zetu Kenya walithibitisha kuwepo kwa minyoo ya viazi ambayo mayai yake hukaa ardhini miaka mingi ndani ya vifuko vidogo sana. Mzigo usio na nyaraka hizo unaweza kurudishwa au kuteketezwa mpakani.

Ukishapanda, usitupe lebo. Itunze pamoja na risiti hadi uvune. Mimea ikianza kunyauka, mpe afisa ugani namba iliyoandikwa kwenye lebo ili shamba ilikotoka mbegu litafutwe kabla wengine hawajauziwa.