Kichwa cha kawaida hakithibitishi kuwa ubongo haukuguswa

Mtoto akizaliwa Bukavu mwili umekonda ila kichwa ni cha kawaida, mama huambiwa: «Usiogope, ubongo umejilinda.» Ni kweli nusu tu.

Kondo la nyuma likishindwa kupitisha oksijeni na chakula cha kutosha, mishipa ya ubongo wa mtoto hutanuka na damu huelekezwa huko, huku ini, figo na misuli vikipunjwa. Ndiyo maana tumbo huwa jembamba kuliko kichwa. Lakini kujilinda huko ni dalili ya shida. Damu yenyewe ina oksijeni pungufu, kwa hiyo nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo huchelewa kupata utando wake wa mafuta, na hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, inaweza kubaki ndogo. Baadaye hatari ya kuchelewa kusema au kukosa umakini darasani huongezeka, ingawa watoto wengi hukua vizuri. Na si kila mtoto mdogo ana tatizo hili; wengine wamerithi umbo dogo.

Kwa hiyo mama asijinyime chakula ili azae kirahisi. Kwenye CPN (kliniki ya wajawazito), baada ya wiki ya 24 ya mimba, urefu wa tumbo la mama kwa sentimeta hukaribiana na idadi ya wiki. Ukipungua kwa sentimeta 3 au zaidi, aombe ekografi (kipimo cha picha ya mtoto tumboni). Malaria huharibu kondo: alale ndani ya chandarua, ameze Fansidar, dawa ya kuzuia malaria, anayopewa. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, kichwa chake kipimwe kila ziara.